Mgonjwa wa Pili

Mliniacha juma lililopita nimeshika kitasa cha mlango, povu la sabuni mikononi, na mgeni kasimama nje na mkoba begani. Bado nimekishika.

Kwa aliyekuwa safarini akakosa gazeti: mimi ni bibi ninayemuuguza dada yangu. Alianguka uani akapoteza nguvu za miguu, na baada ya miguu akili nayo ikawa inakuja na kukatika kama umeme. Nikahama chumba changu nikaja kulala kwake.

Redio ikasema serikali ina mpango wa wazee na walezi wao. Mzee atapewa kiti cha magurudumu na nesi wa kumtembelea. Mlezi atapewa posho, na mtu wa kumpokea kazi ili naye apumue. Nikaenda ofisi ya ustawi. Wakaniambia rudi nyumbani bibi, dada yako kashaandikishwa, mlezi wake anajulikana.

Nikarudi natembea kama bibi harusi. Nilidhani anayejulikana ni mimi.

Sasa mgeni akasema: "Mimi ni afisa wa ustawi. Nimekuja kuwaona wagonjwa wawili."

Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Nyuma yangu alikuwapo dada kitandani, na beseni la mashuka sakafuni. Basi.

"Wa pili yuko wapi?" nikauliza.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kuku aliyenyeshewa. Akavua viatu mlangoni akaingia. Mtoto wa watu ana adabu zake, siwezi kumsingizia. Aliniamkia vizuri tu, nikamwitikia. Kisha akaniinamia, akapaza sauti kana kwamba mimi niko ng'ambo ya barabara.

"Bibi, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Na masikio ninayo, usijichoshe."

Akacheka, lakini sauti hakuishusha.

"Bibi, leo ni siku gani?"

"Leo siku ya mashuka," nikasema.

Hapo nilijikwaa, na sikujua. Katika nyumba hii siku hazina majina mengine. Iko siku ya mashuka, iko siku ya kucha na nywele, iko siku ya kumtoa dada juani, iko siku ya kwenda kupanga foleni ya dawa. Ukitaka jina lile la kwenye kalenda nitakupa, ila lazima nipitie kwenye mashuka kwanza. Kabla sijafika huko, yeye kashaandika.

"Na mlezi wako ni nani?"

"Wangu mimi?"

"Wako wewe, bibi."

Swali la ajabu, lakini mgeni hanyimwi jibu. "Walionilea wote wametangulia," nikasema.

"Pole sana. Mlezi wako amefariki?"

"Zamani, mwanangu. Alianza baba, mama akafuata."

Akaandika tena, safari hii kwa kirefu.

Nyie mnaonisoma mtanielewa. Kwa umri wangu mlezi ni aliyekulea. Ni yule aliyekufuta kamasi ukiwa huna meno. Kumbe siku hizi mlezi ni anayemfuta mzee ambaye meno yamekwisha. Neno wamelipindua miguu juu, na sisi wenyewe hakuna aliyetupa habari.

Ningeweza bado kujirekebisha, lakini dada akaamka.

"Mama," akaita kutoka kitandani. "Mama, uko wapi?"

"Naam, mwanangu," nikamwitikia bila kufikiri. "Nipo hapa."

Kalamu ya afisa ikasimama.

"Bibi," akasema, na sasa alinong'ona, "yule ni mwanao?"

"Ni dada yangu."

"Mdogo wako?"

"Mkubwa wangu. Tumeachiana ziwa."

"Sasa mbona unamwita mwanangu?"

"Kwa sababu yeye ananiita mama."

Nikalisikia jibu langu likitoka mdomoni, nikalisikia kama anavyolisikia yeye. Nikataka kulidaka. Neno si kuku, likishatoka bandani hulirudishi kwa kulipungia mtama.

Nikaeleza. Nikasema, mwanangu, dada alipoanza kuniita mama nilikuwa namsahihisha. Namwambia mimi ni mdogo wako, mama alikufa. Analia. Analia msiba mbichi kabisa, anauliza alikufa na nini, na mbona hamkuniambia. Akilala anasahau, akiamka anamwita tena, na mimi namwambia tena. Nikachoka kumzika mama kila asubuhi. Nikaona bora niwe yeye.

Afisa alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, ila anakubali mahali pasipo pake, kama mtu anayembembeleza mlevi ampe funguo.

"Mimi ndiye ninayemuuguza," nikamwambia. "Mimi ninamgeuza, mimi ninamwogesha. Hakuna mwingine humu."

"Ndivyo tulivyoambiwa utasema, bibi."

"Mliambiwa na nani?"

"Na mlezi wenu."

Nilikuwa bado nalitafuna hilo "wenu" mlango uliposukumwa bila hodi. Akaingia Mheshimiwa.

Huyu ni mtoto wa dada, wa pekee. Jina la Mheshimiwa tulimpa wenyewe utotoni, kwa kuwa alikuwa akipanda kwenye kigoda anatuhutubia na fimbo mkononi. Sasa anauza vipuri vya magari, ana kitambi na simu mbili. Mara ya mwisho kukanyaga hapa alikuja kuchukua feni. Alisema mgonjwa hatakiwi upepo.

Leo kaja na mfuko wa machungwa na bunda la nepi za wazee.

"Shikamoo Mama Mdogo. Afisa, niwie radhi, nimechelewa. Nilipitia dawa zao."

Zao.

"Mheshimiwa," nikasema, "wewe umeniandikisha mimi mgonjwa?"

Hakushtuka. Alinishika bega kwa upole, akazungumza polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mama Mdogo, hili tulishaliongea. Tukakaa pale pale, tukaliongea. Umesahau?"

"Hatukuongea."

Akamwangalia afisa, akainua mabega kidogo tu. Mabega yale yalisema zaidi ya vyote nilivyokuwa nimesema tangu mgeni aingie.

Nikajiambia, subira. Mwenye haki hapigi kelele, anaonyesha. Nikamimina maji kwenye kikombe, nikampa.

"Haya, mlezi. Mnyweshe mama yako."

Nilijua ninachofanya. Dada hanywi maji. Anafunga midomo kama pochi ya mwanamke mchoyo. Mimi humtilia kwa kijiko, na kila kijiko lazima kiwe na hadithi yake, la sivyo kinarudi kifuani. Nikasogea kando ili afisa aone vizuri.

Mheshimiwa akakaa ukingoni mwa kitanda. Kitanda kikalalamika. Dada akafumbua macho, akamtazama usoni, na uso wake, jamani, ukafunguka. Sijauona hivyo tangu aanguke.

"Umerudi, mume wangu," akasema.

Mheshimiwa kafanana na baba yake mpaka kikohozi. Akamshikia kikombe. Dada akanywa. Akanywa kikombe kizima, bila kijiko, bila hadithi, akashusha pumzi kama aliyefika kisimani. Kisha akanitazama mimi juu ya bega la mwanawe.

"Na huyu mwanamke anayetuchungulia ni nani? Mwambie aende kwao."

Mafuta ya moto yamewahi kunimwagikia mguuni, na kovu ninalo. Hayakufika yalipofika maneno yale. Najua ni ugonjwa. Nilijua hata pale pale. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya watu wawili ukiwa na jagi tupu mkononi ni kitu kingine.

Afisa akaangalia chini kunihurumia. Mheshimiwa akamenya chungwa.

"Basi mpigieni binti yangu," nikasema. "Wote mna sababu, yeye hana. Nimemzaa peke yake. Atawaambia mimi ni nani humu ndani."

Afisa akafunga mkoba, akaufungua tena.

"Bibi, binti yako tulishazungumza naye. Mlezi huandikishwa na shahidi wa ukoo. Shahidi ni yeye."

"Shahidi wangu."

"Shahidi wa huyu kaka."

Nilisikia kwa masikio yale yale mazima niliyomsifia, nikatamani yangekuwa mabovu. Nikasema sitaki kuambiwa, nataka kusikia kwa mdomo wake. Afisa akapiga, akaiweka simu juu ya shuka ikiwa na sauti kubwa.

"Mama," binti yangu akaitika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiiogopa simu hii.

"Mwanangu, hapa kuna watu wanasema wewe umesema mimi sina akili."

"Sikusema huna akili. Nilisema unasahau."

"Nimesahau nini?"

"Uliunguza sufuria."

"Nani hajaunguza sufuria? Wewe ulimsahau mtoto shuleni mpaka mlinzi akampa chakula chake. Nilikuandikisha popote?"

Afisa aliziba mdomo kwa kalamu. Mheshimiwa hakucheka.

"Mama, nisikilize." Sasa alikuwa analia, na kilio chake nakijua tangu kikiwa cha maziwa. "Nimechoka kukuona unambeba mtu mzima. Na wewe ni mzee, mgongo wako umekuwa kama ndoano. Huko kituoni utalala, utapikiwa, utafuliwa. Ungekubali kama ningekuomba?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikukuomba."

Hapo karibu nimsamehe. Nasema ukweli, moyo ulishaanza kulegea. Lakini uzee umenifundisha kuuliza swali la mwisho hata likiwa chungu.

"Na nyumba hii?"

Akapenga kamasi.

"Mwanangu, nimekuuliza nyumba."

"Mwenye nyumba wangu ametufukuza, Mama. Nilikuwa sijui nikwambieje. Kaka kasema mimi na watoto tukae hapo. Mkiwa hampo. Kwa muda tu."

Mkiwa hampo.

Uongo wa mtoto wa dada niliubeba begani, kama mzigo mwingine wowote. Huu wa mwanangu uliniingia tumboni, palepale yeye alipotokea.

Afisa akakohoa, akaanza kunieleza mpango, na akaeleza kwa heshima. Mlezi mwenye wazee wawili huchoka. Serikali inalitambua hilo. Kwa hiyo mlezi hupewa mapumziko, na wazee wake huchukuliwa kituoni watunzwe mpaka atakapopata nguvu.

"Yeye apumzike?" nikauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Kachoshwa na nini?"

Mheshimiwa akapanguza maji ya chungwa kwenye suruali.

"Mtatunzwa vizuri," afisa akaendelea. "Wewe unayetembea utakuwa hapa hapa mjini. Dada yako asiyetembea atapelekwa kituo cha wasiojiweza. Kiko mbali kidogo, ni safari ya kutwa. Lakini mlezi akipenda, anaweza kuwakutanisha."

"Akipenda."

"Ndiyo. Gari liko nje, bibi. Nikusaidie kufunga nguo zako?"

Nikamwangalia dada. Alishasahau mume, alishasahau kikombe. Alikuwa anapapasa shuka kutafuta kitu, na mimi najua anatafuta nini. Anatafuta mkono. Bila mkono hawezi kulala, na hakuna nesi hata mmoja wa huko kwa wasiojiweza ambaye atalijua hilo, na dada hana maneno ya kumwambia. Atapapasa mpaka achoke, kisha ataacha. Wagonjwa wakishaacha kutafuta, mimi nimewaona, hawachukui muda.

Sikulia. Nilikaa kitandani upande wa ukutani, nikavua kandambili, nikainua mguu mmoja, nikainua wa pili. Nikalala kando ya dada. Nikajifunika mpaka kidevuni.

"Bibi," afisa akasema, "simama twende."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kutembea."

"Bibi, wewe ndiye uliyenifungulia mlango."

"Mimi?" nikasema. "Sikumbuki. Si mmesema nasahau? Basi nimesahau kutembea. Niandike na mimi sijiwezi, unipeleke anakokwenda huyu."

Mheshimiwa kwanza alicheka. Kisha akaona sicheki. Akainama akanishika mkono anivute, nami nikajilegeza kama gunia. Mzee akikataa kuinuka huwa mzito kuliko jeneza, waulize waliowahi kubeba.

"Mama Mdogo, acha maigizo."

Nikaangalia dari.

"Mama Mdogo, watu wana kazi zao. Inuka." Jasho likaanza kumtoka. Akamgeukia afisa kwa hasira. "Usidanganyike na huyu. Anajua kila anachofanya. Huyu ana akili kutuzidi mimi na wewe, na hajasahau kitu tangu azaliwe."

Alilisikia mwenyewe, lakini alikuwa amechelewa. Nililala pale nikamwona anavyolitafuta neno hewani alirudishe mdomoni, na kwa mara ya kwanza siku ile nikawa na mwenzangu.

"Umesema ana nini?" afisa akauliza.

"Nilikuwa na maana kwamba..."

"Nimekusikia. Kaa pale kwenye kiti, tafadhali. Chungwa weka chini."

Akavuta kigoda, akakaa karibu na uso wangu. Akaanza kuongea, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeongea na mtu.

"Bibi, nitakuuliza mara moja tu, na utakalosema ndilo nitakalolipeleka ofisini. Akili zako zimetimia au hazijatimia?"

"Zikiwa zimetimia?"

"Basi mimi nimedanganywa. Wewe utabaki hapa na dada yako, na wewe ndiye utakayeandikwa mlezi. Lakini kudanganya ili kula msaada wa wazee ni kosa, bibi, na siwezi kujifanya sikuliona. Huyu nitampeleka mbele ya sheria."

"Mpeleke."

"Na aliyemshuhudia."

"Ana watoto wadogo," nikasema.

"Najua. Sheria haikuwataja."

"Na zikiwa hazijatimia?"

Akaangalia miguu yangu iliyojifanya imekufa chini ya shuka. "Basi ni kama walivyosema. Nitawaandika wote wawili hamtembei. Mtakwenda pamoja, kitanda kwa kitanda. Ila hapa hutarudi kwa neno lako mwenyewe, bibi. Kuanzia leo kila utakalosema, watamuuliza yeye kwanza kama ni kweli."

Alimwonyesha Mheshimiwa kwa kalamu.

Dada alishaupata mkono wangu chini ya shuka, ameushika, na kope zimeanza kumwangukia. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Ndipo tukasikia pumzi. Ilitoka karibu kabisa na mbavu zangu, na afisa ndiye aliyetangulia kutambua ni nini. Simu ilikuwa bado iko juu ya shuka. Hakuna aliyeikata, si sisi wala si yeye. Binti yangu alikuwa amesikia kila kitu.

"Mama," akasema. "Mjibu."

Hakusema nimjibu nini.